Hatuli Nguruwe, Lakini Tegu Wake Atufikia

  

Ndugu zangu katika imani, ipo khutba moja ambayo kila Mwislamu wa nchi hii amepata kuisikia. Khatibu husimama akataja uharamu wa nyama ya nguruwe, kisha akaanza kuhesabu magonjwa yake moja baada ya jingine, na kila akitaja ugonjwa waumini hutikisa vichwa kwa kuridhika. Tunatoka msikitini tukiwa na yakini ya mambo mawili. La kwanza, kwamba Mola wetu ametuhurumia kwa kutukataza. La pili, kwamba balaa la nguruwe ni la jirani yetu anayemla, wala si letu.

Jambo la kwanza ni haki isiyo na shaka. Jambo la pili ni batili, na batili hii ina madhara. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, umo ugonjwa utokanao na nguruwe ambao haumuulizi mtu dini yake, haumuulizi alichokula jana, na humfikia mwenye kufunga na kuswali kama unavyomfikia asiyefunga wala kuswali. Makala hii imeandikwa ili kuivunja dhana hiyo ya usalama, kwani mwenye kujiona salama hajikingi.

Safari ya mnyoo

Mnyoo huyo ni tegu wa nguruwe. Wengi wetu tumemsikia, lakini wachache wanaijua safari yake, na siri yote imo katika safari hiyo.

Mtu anapokula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, yenye vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele, tegu humea katika utumbo wake akawa mrefu wa mita kadhaa. Hukaa humo miaka, na aghlabu mwenyewe hahisi kitu. Kila mara vipande vya mnyoo huyo hutoka pamoja na choo, na kipande kimoja tu hubeba makumi ya maelfu ya mayai. Mtu huyo akijisaidia porini au nyuma ya boma, nguruwe aliyeachwa azurure atakula kinyesi hicho, na mayai yatageuka vifuko katika nyama yake. Nguruwe atachinjwa, nyama italiwa, na safari itaanza upya.

Mpaka hapa Mwislamu husema: "Sasa mimi naingilia wapi?" Naam, sikiliza. Mayai yale hayamngoji nguruwe peke yake. Yamo katika udongo, yamo katika maji ya kisima kisichofunikwa, yamo katika mchicha uliomwagiliwa maji machafu, yamo chini ya kucha za mpishi asiyenawa. Mwanadamu akiyameza mayai hayo humpata yaliyompata nguruwe: hupenya utumbo, huingia katika damu, na hujenga vifuko katika misuli, katika macho na katika ubongo. Vifuko vikikaa katika ubongo huleta maumivu makali ya kichwa, na zaidi ya yote huleta kifafa. Mara nyingine kifafa hicho huja miaka mingi baada ya mayai kumezwa, hata mtu asiweze kukumbuka alipoyapata.

Basi na tuelewe vizuri. Mla nguruwe hupata mnyoo wa tumboni. Lakini vifuko vya ubongoni havitokani na kula nguruwe. Vinatokana na kumeza mayai yaliyotoka katika choo cha binadamu. Yule aliyekula nyama ile ana dawa nyepesi ya kumtoa mnyoo. Yule aliyemeza mayai, ambaye pengine hakuwahi hata kuiona nyama ile, ndiye anayeanguka motoni.

Habari kutoka Mbulu na Haydom

Haya hayakuokotwa barazani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miongoni mwao Dakta Helena Ngowi, waliingia katika vijiji 21 vya Mbulu wakachunguza ndimi za nguruwe 770 walio hai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionesha kwamba zaidi ya nguruwe 17 katika kila 100 walikuwa na vifuko vinavyoonekana au kupapaswa katika ulimi. Na ulimi hauoneshi kila kitu, kwani nguruwe mwenye vifuko vichache huweza kupita bila kugundulika. Walipotafuta sababu walizikuta zile zile tunazozijua sote: nguruwe kuachwa wazurure, na nyumba kukosa choo.

Kisha wakaja madaktari wa binadamu. Katika hospitali ya Haydom, ambayo imo humo humo Mbulu na imekuwa ikitibu watu tangu mwaka 1955, wagonjwa 212 wa kifafa walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya CT. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kuwa wapatao 18 katika kila 100 walikuwa na alama za vifuko vya tegu. Maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watano au sita walioletwa kwa kuanguka, alikuwa akianguka kwa sababu ya ugonjwa ambao choo kimoja cha shimo kingeweza kuuzuia.

Ulimwengu nao umekwisha kulikiri jambo hili. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Mwaka 2014 shirika hilo pamoja na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa walipanga vimelea vinavyoenezwa kwa chakula duniani kote kwa uzito wa madhara yake, na wakamweka tegu wa nguruwe nafasi ya kwanza. Hakuwa wa tatu wala wa kumi, bali wa kwanza! Nasi katika mimbari zetu tunamtaja kama kichekesho cha kuwasimanga majirani.

Yaliyowapata Mayahudi wa New York

Ikiwa bado yupo anayesema, "Hayo ni ya wanaofuga nguruwe," basi na tuvuke bahari tukatazame kaumu nyingine iliyoharamishiwa nguruwe kama sisi.

Kati ya mwaka 1990 na 1991 katika jiji la New York, Marekani, watu wanne wa jamii ya Mayahudi wenye kushika sana dini yao walishikwa na kifafa. Hawakuwa ndugu, hawakukaa nyumba moja, na hakuna hata mmoja wao aliyekula nguruwe. Madaktari walipotazama katika bongo zao walikuta vifuko vya tegu wa nguruwe. Wakashangaa, wakachunguza, na uchunguzi wao ulichapishwa mwaka 1992. Ilibainika kwamba chanzo kilichoelekea zaidi ni watumishi wa nyumbani waliotoka katika nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambako tegu huyu ameenea. Watumishi hao hawakuwa na kosa. Walikuwa maskini waliobeba mnyoo bila kujua, na walikuwa wakipika na kulisha watoto.

Zingatieni, enyi wenye akili. Watu wale jiko lao lilikuwa safi kwa mujibu wa sheria yao, nyama yao imechinjwa kwa sheria yao, na nguruwe yuko mbali nao maelfu ya kilomita. Hayo yote hayakuwakinga. Itakuwaje basi kwa Mwislamu wa Dongobesh au Katesh, ambaye nguruwe wa jirani hupita uani kwake asubuhi na jioni? Itakuwaje kwa mtoto wa madrasa anayenunua embe iliyomenywa sokoni, na kwa msafiri anayekula mgahawani bila kujua mpishi amenawa kwa nini? Anayeishi chini ya mlima Hanang anajua kwamba maji ya mvua yakishuka hayachagui shamba la Mwislamu wala la Mkristo.

Hoja ya orodha ya magonjwa

Sasa tuingie katika kadhia ambayo baadhi ya ndugu hawatapenda isemwe. Kwa miaka mingi tumesambaza vipeperushi na kanda zenye orodha ya magonjwa ya nguruwe, tukidhani tunaitetea hukumu ya Allah. Kwa hakika tumeidhoofisha hukumu hiyo.

Iwapo nguruwe ni haramu kwa sababu ana tegu, utasema nini siku atakapokosa tegu? Leo ipo chanjo ya nguruwe iitwayo TSOL18, na ipo dawa iitwayo oksifendazoli ambayo humsafisha nguruwe vifuko vyake, na vyote viwili vimejaribiwa katika mkoa wa Mbeya hapa hapa nchini. Nguruwe akichanjwa, akafungiwa bandani, akakaguliwa na nyama yake ikachemshwa mpaka ikaiva, hatakuwa na tegu wa kumtisha mtu. Je, atakuwa halali? Hasha! Ni haramu vile vile. Uharamu wake umethibiti katika Suratul Baqara, Al-Maida, Al-An'aam na An-Nahl, nasi tunasikia na kutii kabla ya kuuliza daktari amesema nini. Tunaweza kuona hikima katika katazo, lakini hikima tunayoiona kwa akili zetu si nguzo inayoishikilia hukumu. Anayeiegemeza dini juu ya orodha ya minyoo ataiona ikiyumba siku minyoo itakapokwisha.

Na hoja ile ina ubaya wa pili, ambao ndio mkubwa zaidi katika kadhia yetu: inamfundisha Mwislamu kwamba maradhi hufuata mpaka wa halali na haramu. Amekosea. Tutazame mifano.

Ni kweli kwamba nguruwe hubeba bakteria mbaya wanaoweza kumwingia binadamu. Mwaka 2005 katika jimbo la Sichuan, China, bakteria aitwaye Streptococcus suis aliwashika watu zaidi ya 200, na zaidi ya 30 wakafariki. Wengi wao walikuwa wamechinja au kushika nguruwe wagonjwa. Katika miaka hiyo hiyo huko Uholanzi waligundua kwa wafugaji wa nguruwe na jamaa zao bakteria sugu asiyesikia dawa nyingi za hospitali, na lawama ziliangukia mazoea ya kuwapa mifugo dawa za kuua bakteria kiholela.

Lakini je, ng'ombe wetu na mbuzi wetu, ambao ni halali, hawana bakteria? Katika mikoa hii ya Arusha na Manyara watafiti walichapisha mwaka 2010 kwamba miongoni mwa mambo yanayomweka mtu katika hatari ya kupata brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, ni kusaidia mnyama kuzaa kwa mikono mitupu. Maziwa mabichi nayo huleta brusela, na huleta kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kimekwisha kukutwa katika matezi ya shingo ya wagonjwa wa maeneo haya. Maziwa ni halali, lakini yasipochemshwa huua. Mchicha ni halali, lakini usipooshwa hubeba mayai ya tegu. Na dawa za mifugo anazozimwaga Mwislamu kwa kuku wake bila mpango hulea usugu ule ule unaolelewa kwa nguruwe.

Halali na haramu ni sheria ya Mola wetu. Usafi nao ni sheria ya Mola wetu. Mwenye kushika moja akaacha nyingine asijidai kwamba ameshika dini yote.

Mgonjwa wa kifafa katika safu zetu

Ni mara ngapi tumemwona kijana akianguka, povu likamtoka, na watu wakakimbia wasimguse? Ni mara ngapi tumemwona binti mwenye makovu ya moto usoni kwa sababu aliangukia jikoni, kisha hakuna aliyekuja kumposa? Na jawabu letu ni lipi? Tunasema amepagawa. Tunampeleka kwa mganga mwenye kilemba, anafukizwa, wengine wanapigwa fimbo ili jini atoke, na fedha za mbuzi wawili watatu zinakwenda. Mwaka unapita, mgonjwa angali anaanguka, na kama ni vifuko vya tegu vimo ubongoni mwake vile vile.

Hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani hilo limo katika itikadi yetu. Wala hatupingi kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa kinaposomwa kwa njia ya sheria. Tunachokipinga ni kumficha mgonjwa asipelekwe hospitali, na kulifanya jina la jini kuwa pazia la ujinga na njia ya kipato. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwanamke aliyekuwa akianguka alimwendea Mtume (s.a.w.) kumshitakia hali yake. Mtume hakumfukuza, hakumwaibisha, hakumpiga. Alimpa bishara njema kwa subira yake, na alipoomba asifunuke nguo aangukapo, alimwombea dua. Hiyo ndiyo adabu ya Mtume kwa mgonjwa wa kifafa. Sisi tumeipata wapi adabu ya kumkimbia?

Na ijulikane kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Zipo dawa za kukizuia, kama fenobabitoni, na mgonjwa akizitumia kila siku bila kukatiza kwa amri yake mwenyewe, wengi hutulia. Ama vifuko vya ubongoni, vina matibabu yake, lakini ni matibabu ya daktari baada ya picha ya ubongo. Asinunue mtu dawa ya minyoo dukani akajitibu kifafa, kwani vifuko vikifa kwa ghafla ubongo huweza kuvimba na hali ikawa mbaya zaidi. Tena si kila kifafa kinatokana na tegu. Daktari ndiye wa kupambanua.

Tulipopiga kelele na tuliponyamaza

Wazee wanakumbuka kwamba mwezi wa Aprili mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa jijini Dar es Salaam. Watu walikamatwa, nchi ikatikisika, na magazeti yakajaa. Na tuulizane kwa ukweli: siku ile lilikufa yai gani la tegu? Kilichimbwa choo gani? Mtoto gani wa Mbulu aliacha kuanguka? Tulielekeza hasira zetu kwa bucha, ilhali mayai yalikuwa chooni, au kwa usahihi zaidi, yalikuwa mahali ambapo choo hakikuwapo.

Na ajabu ni kwamba bucha iliyosajiliwa, yenye nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, ina hatari ndogo kuliko nguruwe anayechinjwa kichakani usiku, akachomwa nusunusu na kuliwa kitimoto pembezoni mwa pombe ya kienyeji. Hatuwatetei wauzaji wa haramu. Tunasema kwamba anayetaka kuwakinga watoto wake ni lazima ajue adui yupo wapi.

Lawama nyingine ni ya wenye mamlaka. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo. Kampeni zimepita, tangu Mtu ni Afya ya mwaka 1973 mpaka Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni. Hata hivyo mkaguzi wa nyama anayehudumia vijiji vingi bila usafiri hawezi kuwa kila mahali, na mfugaji maskini ambaye nguruwe wake akikutwa na vifuko atapoteza ada ya shule ya mwanawe, atamkwepa mkaguzi na kumuuza nguruwe huyo gizani. Serikali inayotaka watu wafiche ugonjwa iendelee kuwaadhibu bila kuwasaidia. Inayotaka kuumaliza iwape wafugaji dawa na chanjo kwa bei wanayoiweza, ijaze nafasi za wakaguzi, na iwape watu wenye tegu dawa ya kumtoa.

Wala tusikate tamaa tukidhani jambo hili halina mwisho. Watafiti wale wale wa Mbulu waligawa vijiji 42 katika mafungu mawili, baadhi wakafundishwa juu ya tegu na baadhi wakangoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa katika vijiji vilivyofundishwa maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa takriban asilimia 43. Ni elimu tu iliyofanya hivyo! Na ni nani katika kijiji mwenye kusikilizwa kila wiki, bila posho wala semina, kuliko imamu siku ya Ijumaa?

Yatupasayo kufanya

Kwanza, choo. Mtume (s.a.w.) alikataza kukidhi haja njiani, katika vivuli wanapopumzika watu, na katika maji. Hukumu hii haikuwekwa kwa ajili ya Waarabu wa jangwani peke yao. Kila kamati ya msikiti ihesabu nyumba za waumini wake zisizo na choo, na nguvu kazi ya vijana itumike kuchimba, ikianza kwa wajane na wazee. Mwislamu anayejisaidia shambani mwake akaacha wazi, ajue kwamba naye anaweza kuwa sehemu ya safari ya maradhi, kama si ya tegu basi ya kipindupindu na ya kuhara.

Pili, sabuni. Tunajivunia kustanji kwa maji na kutawadha mara tano kwa siku, na ni neema kubwa. Lakini ni misikiti mingapi yenye kipande cha sabuni chooni? Maji matupu yaliyomiminwa kwa kopo linaloshikwa na kila mtu hayatoshi kuusafisha mkono uliostanji. Kisha mkono huo huo hukaa na wengine katika sinia moja la pilau la Maulidi au walima. Sabuni ni rahisi kuliko zulia jipya.

Tatu, chakula na maji. Maji ya kunywa yachemshwe. Mboga na matunda yanayoliwa mabichi yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka. Wanaopika katika shughuli zetu wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Kucha zikatwe, na hiyo ni sunna tunayoifahamu sote.

Nne, jirani. Mpaka huu lazima tuuvuke kwa hekima. Wengi wa Wairaqw na makabila mengine ya Mbulu na Hanang si Waislamu, na wao nguruwe kwao ni mtaji. Hatuna haki ya kumtukana mtu kwa alichokikuta kwa wazazi wake, na tusi halijapata kufunga nguruwe bandani. Nenda kwa jirani yako kwa adabu, mwambie: "Bwana, mfungie nguruwe wako banda, ampe mtoto wangu na mtoto wako amani." Jirani ana haki kwetu hata akiwa si wa dini yetu, na haki ya kwanza ni kumtakia uzima. Akiugua yeye, tunaugua sisi.

Tano, wataalamu wetu. Wapo vijana wa Kiislamu waliosomea mifugo na afya wanaosita kumkagua nguruwe wakichelea najisi. Najisi huoshwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu, huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mtu akasafika. Kumfuga na kumuuza ni jambo jingine. Kumkagua ili watu wasife ni kuzuia madhara. Mwenye shaka awaulize wanavyuoni, asijifiche nyuma ya shaka yake huku watu wanaangamia.

Sita, mimbari. Tunawaomba maimamu wa Mbulu, Haydom, Dongobesh, Katesh na kwingineko kwamba khutba ijayo ya nguruwe isiishie katika uharamu wake. Ielezwe safari ya mnyoo mpaka mwisho, mgonjwa wa kifafa atajwe kwa heshima, na mzazi aambiwe njia ya kwenda hospitali.

Hitimisho

Ndugu zangu, siku ya Kiyama hatutaulizwa tu kama tulikula nguruwe. Tutaulizwa juu ya afya tuliyopewa, juu ya watoto tuliowekwa wachunga wao, juu ya jirani, na juu ya elimu tuliyoifikisha au tuliyoificha. Yule mtoto anayeanguka leo kule Mbulu hakula haramu. Alinawa mikono yake kwa maji yasiyo na sabuni, akala tunda alilopewa, akamwamini aliyemwambia kwamba yeye ni Mwislamu na tegu hamhusu. Aliyemwambia hivyo ni sisi.

Basi na tuanze na kilicho karibu nasi. Ijumaa ijayo, kabla ya kuvua viatu, kila mmoja apitie choo cha msikiti wake na atazame kama kuna sabuni. Kama haipo, anunue yeye.

Ewe Mola wetu, tuponyeshee wagonjwa wetu, tuzindue kutoka katika mghafala wetu, na utufanye miongoni mwa wenye kusikia neno wakalifuata lililo jema zaidi.

Wabillahi tawfiq.